Tiketi moja, viza mbili: uchambuzi wa kisa cha Agosti 2020

Mwishoni mwa Julai 2020 mwalimu mstaafu anayeishi Buruburu, Nairobi, alipokea barua pepe kutoka kwa shirika la ndege ikimwarifu kwamba safari yake ya kwenda Minneapolis, ambayo alikuwa ameilipia Februari na ambayo ilifutwa Mei, imepangiwa tarehe mpya katika juma la tatu la Agosti. Angeondoka Nairobi hadi Amsterdam, angesubiri saa chache katika uwanja wa Schiphol, angeruka hadi Detroit na kutoka hapo angechukua ndege ya ndani hadi Minneapolis. Angesafiri pamoja na mwana wa mdogo wake, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akirejea chuoni katika jimbo hilohilo la Minnesota. Wote wawili ni Wakenya, wote wawili walikuwa na viza za Marekani ambazo muda wake ulikuwa haujaisha, na tiketi zao zilikuwa chini ya namba moja ya kumbukumbu. Hata hivyo, kwa kanuni zilizokuwa zikitumika wakati huo, mmoja wao angeruhusiwa kuingia Marekani kwa njia hiyo na mwingine angezuiwa, na aliyekuwa hatarini siye ambaye familia ilikuwa ikimhofia.

Majina yao hayana kazi hapa. Nitamwita mama huyu Mwalimu, kama majirani wanavyomwita, na kijana nitamwita mpwa.

Hali ya Kenya yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wangeruhusiwa kuingia nchini raia na wageni wenye vibali halali vya ukaazi pekee, na ilipofika usiku wa Machi 25 ndege zote za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Mpwa alikuwa ametua siku chache kabla ya hapo, baada ya chuo chake kufunga mabweni, na aliponea chupuchupu karantini ya lazima ambayo waliofika katika siku za mwisho walilazwa katika hoteli na taasisi zilizoteuliwa na serikali, kwa gharama yao wenyewe. Anga ilifunguliwa tena Agosti 1. Nairobi ilikuwa bado chini ya kafyu ya saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, lakini abiria mwenye tiketi ya ndege ya usiku aliruhusiwa kupita vizuizi vya polisi kwa kuionyesha.

Kwa hiyo, kwa upande wa Nairobi, hapakuwa na kikwazo cha kuondoka. Kikwazo kilikuwa katika maandishi ya Washington, na familia iliyasoma maandishi hayo kuanzia mahali pasipo.

Waliyemhofia ni mpwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Julai 6, 2020 mamlaka ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yangefanyika kwa mtandao hawangeruhusiwa kubaki nchini humo. Vyuo vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na Julai 14 serikali ikaliondoa agizo hilo. Siku kumi baadaye yakaja maelezo mengine: wanafunzi wapya ambao kozi zao zote ni za mtandaoni hawangeingia, ila wale waliokuwa wameandikishwa kufikia Machi 9 wangeendelea chini ya nafuu iliyotolewa mwanzoni mwa janga. Palikuwa pia na kanuni ya zamani kwamba mwanafunzi anayekaa nje ya Marekani zaidi ya miezi mitano hupoteza hadhi yake, na kwa hesabu ya vidole Machi hadi Agosti ni miezi mitano. Kanuni hiyo ilikuwa imelegezwa kwa wanafunzi waliobaki wameandikishwa, lakini habari ya kulegezwa kwa kanuni haisafiri haraka kama habari ya kanuni yenyewe. Majuma mawili mazima yaliishia kwenye faili la kijana: fomu yake ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kuthibitisha kwamba ameandikishwa, isainiwe upya, barua ya chuo ithibitishe kwamba baadhi ya madarasa yatakuwa ya ana kwa ana, taarifa ya benki iambatishwe. Faili la Mwalimu lilikuwa na pasipoti, viza ya matembezi na barua ya binti yake aliyekuwa akitarajia kujifungua Septemba. Hakuna aliyeliangalia mara ya pili.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Kuanzia mwisho wa Januari 2020 Rais Donald Trump alitoa mfululizo wa matangazo ya kuzuia kuingia: kwanza Uchina, kisha Iran, kisha Machi 11 nchi 26 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku chache baadaye Uingereza na Ireland, na mwezi Mei Brazil. Magazeti mengi yalifupisha kwa kusema kwamba Marekani imewafungia mlango Wazungu. Ufupisho huo ndio uliowapotosha watu wengi, Mwalimu akiwa miongoni mwao. Matangazo hayakuuliza uraia wa msafiri. Yalimzuia mgeni yeyote ambaye, katika siku 14 kabla ya kuingia Marekani, alikuwa kimwili ndani ya mojawapo ya maeneo hayo. Mjerumani aliyekuwa Nairobi tangu Juni angeweza kuingia. Mkenya aliyekuwa Berlin kwa siku mbili asingeweza. Kenya haikuwahi kuwekwa kwenye orodha hiyo, si mwaka huo wala mwaka uliofuata, na kwa mara moja katika maisha yetu ya kupanga foleni za viza pasipoti ya Kenya yenye viza halali, iliyotoka moja kwa moja Nairobi, ilikuwa na nguvu kuliko pasipoti ya Ufaransa iliyotoka Paris.

Lakini hakuna aliyekuwa akitoka moja kwa moja Nairobi. Safari ya Kenya Airways ya Nairobi hadi New York, iliyozinduliwa Oktoba 2018, ilikuwa haijarejea kwenye ratiba yake ya kawaida. Kila msafiri alilazimika kubadilisha ndege mahali fulani, na mahali palipozoeleka kwa Wakenya wa Minnesota ni Amsterdam.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Kwa sheria za Schengen, raia wa Kenya anayebadilisha ndege Amsterdam bila kutoka eneo la kimataifa la uwanja hahitaji viza ya kupitia uwanjani, tofauti na raia wa Nigeria, Ghana, Ethiopia au Somalia ambao wamo kwenye orodha ya pamoja ya wanaoihitaji. Hapiti mbele ya afisa wa mpaka, na pasipoti yake haipigwi muhuri. Kwa Uholanzi, mtu huyo hajaingia. Kwa Marekani, kipimo kilikuwa tofauti kabisa: mwili wake ulikuwa kwenye ardhi ya Uholanzi, hata kama ni kwa kukaa kwenye kiti cha chumba cha kusubiria, na hilo lilihesabiwa. Mwalimu, ambaye amepita Schiphol mara kadhaa bila kuulizwa chochote, hakuwa na sababu ya kujiona mtu aliyekuwa Ulaya.

Dalili moja ilikuwepo kwenye tiketi yenyewe, na nadhani ndiyo jambo la kufundisha zaidi katika karatasi zote za kisa hiki. Tiketi ya Februari ilitoka Amsterdam moja kwa moja hadi Minneapolis. Tiketi ya Agosti ilipitia Detroit. Familia ilidhani ni ratiba tu iliyopungua. Ukweli ni kwamba tangu Machi ndege zilizobeba watu waliotoka maeneo yaliyozuiwa zilielekezwa kutua katika viwanja vichache vilivyoteuliwa kwa ukaguzi wa afya, ambavyo hatimaye vilifika 15, na Detroit ilikuwamo ilhali Minneapolis haikuwamo. Utaratibu huo uliondolewa Septemba 14, 2020. Hiyo Detroit iliyoongezwa ilikuwa inasema wazi kwamba shirika la ndege lenyewe linawahesabu abiria wa Amsterdam kuwa watu wanaotoka eneo lililozuiwa.

Aliyeiona dalili hiyo ni wakala wa usafiri mwenye ofisi kwenye ghorofa ya pili karibu na Moi Avenue, ambaye Mwalimu alimwendea kwa sababu nyingine kabisa: alitaka kiti cha kando ya njia ndani ya ndege kwa ajili ya magoti yake. Wakala alimwambia, kwa adabu, kwamba kabla ya kiti kuna jambo jingine.

“Mwalimu, samahani, viza yako ni ya matembezi?”

“Ndiyo, na bado ni nzima. Iangalie.”

“Viza haina neno. Tatizo ni Amsterdam.”

Mwalimu hakukubali kirahisi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Binti yake alikuwa mkaazi wa kudumu wa Marekani, mwenye ile wanayoiita grini kadi, na yeye alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wa wakaazi wa kudumu wamesamehewa. Ni kweli kwamba sehemu ya pili ya tangazo la Schengen iliorodhesha waliosamehewa: raia na wakaazi wa kudumu hawakuguswa, wenzi wao wa ndoa walisamehewa, watoto wao walisamehewa, mabaharia na wahudumu wa ndege walisamehewa, na wazazi walikuwamo pia. Ila msamaha wa wazazi ulikuwa na masharti mawili yaliyounganishwa: huyo mtoto aliye raia au mkaazi awe hajaoa wala kuolewa, na awe chini ya miaka 21. Binti wa Mwalimu alikuwa na miaka 31 na mume. Msamaha ulitungwa kwa ajili ya mzazi anayelea mtoto mdogo, na haukumfikia mama anayekwenda kumuuguza binti mzazi. Mjukuu naye, ambaye angezaliwa raia wa Marekani, hakumsaidia bibi yake, kwanza kwa kuwa bibi si mzazi, na pili kwa kuwa raia huyo alikuwa bado hajazaliwa.

Kwa mpwa mambo yalikuwa kinyume. Tangu Julai 16, 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba wanafunzi wenye viza halali za F-1 na M-1, yaani za masomo ya chuo na ya ufundi, wanaotoka Schengen, Uingereza na Ireland wamepewa msamaha kwa ajili ya maslahi ya taifa, na hawahitaji hata kuandika barua ubalozini kuuomba. Wenye viza za J-1, za mipango ya kubadilishana, pamoja na baadhi ya wafanyabiashara na watafiti, walitakiwa kuomba mmoja mmoja. Mwenye viza ya matembezi angeweza kuomba kwa misingi ya kibinadamu, lakini kumtembelea binti ambaye mimba yake haina matatizo halikuwa ombi ambalo wakala angemshauri mtu kulitegemea, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi.

Utaona jinsi kanuni hizi zilivyokaa tabaka kwa tabaka. Tabaka la kwanza liliuliza umepita wapi, na hapo Mwalimu na mpwa walikuwa sawa. Tabaka la pili liliuliza wewe ni nani kwa mtu fulani aliye Marekani. La tatu liliuliza unakwenda kufanya nini. Familia nyingi za Nairobi zilianza kusoma kwenye tabaka la pili na la tatu, kwa sababu ndilo swali ambalo maafisa wa viza wametuzoesha kwa miaka mingi, na hazikugundua kwamba matabaka hayo yanamhusu tu yule aliyenaswa na la kwanza. Mwalimu hakuhitaji msamaha wowote. Alihitaji njia nyingine.

Ni halali kuuliza kwa nini shirika la ndege lilimpa tiketi asiyoweza kuitumia. Mfumo wa kuuza tiketi hauijui viza ya mnunuzi, na kwa hiyo hauwezi kumzuia. Ukaguzi hufanyika kaunta siku ya safari, ambapo karani huingiza uraia, aina ya viza na nchi alizopita abiria katika Timatic, hifadhidata ya masharti ya kuingia nchi mbalimbali inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kisha husoma jibu. Kwa kuwa shirika linalomfikisha Marekani mtu asiyestahili kuingia hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, karani akiwa na shaka humwacha abiria chini. Mwalimu angekwama pale Embakasi, usiku, mizigo ikiwa imepimwa na aliyemsindikiza ameshawahi nyumbani kabla ya kafyu.

Uchaguzi wa njia haukuwa mgumu baada ya tatizo kueleweka. Kulikuwa na Doha, Dubai, Istanbul na Addis Ababa, na hakuna hata moja kati ya miji hiyo iliyokuwa katika nchi zilizozuiwa. Kuhusu Addis Ababa wakala alikuwa na tahadhari ya kitaalamu ambayo ninaipenda: mji huo uko juu sana kutoka usawa wa bahari, zaidi ya mita 2,300, na ndege nzito zinazoruka kutoka huko kwenda Amerika zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta. Kabla ya kumuuzia mtu tiketi hiyo alitaka kujua ndege itatua wapi, ili kituo cha mafuta kisije kikawa Ulaya. Mwalimu alichagua Doha hadi Chicago, kisha ndege ya ndani hadi Minneapolis.

Kuhusu fedha, siwezi kumsifu mtu yeyote. Safari ya Mei ilifutwa na shirika lenyewe, na tangu Aprili 3, 2020 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikuwa imeyakumbusha mashirika yote, ya ndani na ya kigeni, kwamba abiria ambaye safari yake ya kwenda au kutoka Marekani imefutwa anastahili kurudishiwa fedha taslimu, na kwamba vocha hutolewa tu ikiwa abiria mwenyewe ameikubali. Mwalimu hakuelezwa hivyo. Alikubali tarehe mpya kwa kubofya kitufe, na kwa kubofya huko alidhoofisha dai lake. Alilazimika kununua tiketi ya Doha kwa fedha alizokopa katika chama chake cha ushirika, kisha akafuatilia fedha za tiketi ya kwanza kwa miezi mingi. Wakala, aliyekuwa mjuzi kiasi hicho wa matangazo ya rais, alikuwa na nafasi ya kumwambia hilo Mei, alipompigia simu kumpa pole. Hakumwambia.

Mpwa alibaki na njia ya Amsterdam. Mama yake mzazi alitaka wasafiri pamoja kwa kupitia Doha, na hilo lingekuwa salama zaidi, lakini fedha za tiketi mbili hazikuwepo. Wakala alimchapishia ukurasa wa tangazo la Julai 16 na kumwambia aukunje ndani ya pasipoti. Usiku wa safari, katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, karani alisoma jibu la kwanza la mfumo na kutikisa kichwa. Kijana alitoa karatasi, karani akamwita msimamizi, msimamizi akaisoma sentensi ile ile ya Timatic hadi mwisho, ambako aina za viza zilizosamehewa zilikuwa zimetajwa, na kijana akaruhusiwa. Karatasi haikubadilisha sheria. Ilimfanya mtu mwenye foleni ndefu mbele yake asome mistari miwili zaidi. Mwalimu aliondoka siku tatu baadaye. Chicago afisa alimuuliza amekuwa wapi kwa siku 14 zilizopita, akajibu Nairobi na uwanja wa Doha, akagongewa ruhusa ya kukaa miezi sita.

Ingekuwa makosa kuisoma habari hii kana kwamba ni Marekani tu iliyopima watu kwa mahali walikotoka. Siku ileile Kenya ilipofungua anga, Agosti 1, ilikuwa imetoa orodha yake ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways, na baadaye mashirika mengine matatu ya Kenya, hadi katikati ya Septemba ilipoingizwa kwenye orodha na kuondoa zuio. Wafanyabiashara wa Namanga wanaweza kueleza vizuri kuliko mimi maana ya orodha inayobadilika kati ya Jumatatu na Jumatano.

Mabadiliko ya namna hiyo yalimkumba mteja mwingine wa wakala huyohuyo. Januari 18, 2021, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, Trump alisaini tangazo la kuondoa zuio la Schengen, Uingereza, Ireland na Brazil kuanzia Januari 26. Mteja, naye mwenye viza ya matembezi, alikata tiketi ya kupitia Paris siku hiyohiyo. Januari 25 Joe Biden alirejesha zuio lote kabla halijaondoka, akaongeza Afrika Kusini. Zuio hilo lilidumu hadi Novemba 8, 2021, na hapo ndipo upande wa Mwalimu na upande wa mpwa ulipopinduka.

Utaratibu mpya wa Novemba 8 uliacha kuuliza umepita wapi na kuanza kuuliza umechanjwa nini. Chanjo zote zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani zilikubaliwa, ikiwemo Covishield iliyotengenezwa India, ambayo ndiyo Kenya ilianza nayo Machi 2021 na ambayo wakati cheti cha chanjo cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai mwaka huo haikuwa kwenye orodha ya mamlaka ya dawa ya Ulaya. Mwalimu, kwa umri wake, alikuwa amechanjwa mapema, akasubiri dozi ya pili kwa muda mrefu baada ya India kupunguza kuuza chanjo nje, na hatimaye akaipata. Kwake Amsterdam ilifunguka tena. Kwa ambao hawakuwa wamechanjwa palikuwa na msamaha kwa raia wa nchi ambazo waliokamilisha chanjo hawajafika asilimia 10, na Kenya ilikuwa mojawapo. Lakini msamaha huo haukuwahusu wenye viza za B-1 na B-2, yaani za biashara na matembezi. Mwanafunzi wa Nairobi ambaye hajachanjwa angeweza kuingia kwa ahadi ya kuchanjwa ndani ya siku 60. Bibi ambaye hajachanjwa asingeweza. Sharti hilo la chanjo liliendelea hadi usiku wa Mei 11, 2023.

Desemba 2021 Mwalimu alikata tiketi ya pili, na swali lililobaki lilikuwa la maabara tu. Kuanzia Desemba 6 kipimo cha korona kilitakiwa kuwa cha si zaidi ya siku moja kabla ya kuondoka, na wengi walikimbizana na saa wakidhani ni saa 24 kamili. Wakala alimweleza kwamba siku iliyohesabiwa ni ya kalenda: ndege yake ikiondoka Ijumaa kabla ya saa sita usiku, sampuli iliyotolewa Alhamisi asubuhi inatosha.